Mkutano wa Mchana kwa Kina Chebet

Mama, hujambo huko Kakamega? Natumaini goti limetulia, na kuku hawajahamia kwenye meza yangu ya kazi.

Unamkumbuka Chebet, yule mwenzangu wa kazini ninayemlalamikia kila mkutano wa mtandaoni ukiisha? Kwamba kwenye mikutano ya mchana hasemi neno, anaandika tu, eti anajivuna? Mwezi uliopita nilimwomba mkubwa wetu amtoe kwenye timu. Leo timu yote tumekutana ana kwa ana mara ya kwanza, na ni yeye aliyetukaribisha kwao Merigi. Ametulisha ugali wa wimbi na mursik, yale maziwa lala ya kibuyu yenye mkaa. Nimeongezwa mara tatu.

Saa nane mawingu yakashuka juu ya mashamba ya chai. Mvua ya mawe ikapiga mabati, Mama, sikusikia hata sauti yangu mwenyewe! Chebet akatabasamu, akatoa simu. Yangu ikatetemeka: “Karibuni kwa mkutano wa mchana. Huku ni hivi karibu kila siku.”

Watu sita, magoti yakigusana, tukaandikiana nusu saa nzima. Nikamwandikia yeye peke yake: “Nisamehe. Ni mimi niliyekusema kwa mkubwa.”

Akasoma. Akaniangalia kidogo, kisha akanijazia kikombe na kuandika: “Najua. Kunywa.”

Nakubebea majani chai. Ukinisikia tena nikimsema mtu, nikumbushe yale mabati.

Mwanao anayekupenda,
Shisia