Fiwi Nyeusi za Baba

Baba,

Naandika nikiwa nyuma ya zizi, maana ndani hakuna pa kukaa peke yangu. Tangu tukuzike, baba mdogo amehamia hapa Bugwema na kila jambo linapitia kwake. Si mtu mbaya. Ng'ombe wanashiba, mimi nasoma. Lakini hakuna anayembishia, na mimi unanijua. Hata wewe, nikitaka kalamu nilikuwa namtuma Mama.

Amepata mnunuzi wa mbegu kutoka Bunda anayetaka fiwi, yale maharage tunayolishia ng'ombe, ziwe nyeupe tupu. Kwa hiyo nikitoka shule nakaa na ungo, nachambua zile mbegu zako za malisho. Nyeupe zinaingia kwenye gunia. Nyeusi na za kahawia zinaenda sufuriani. Jana tulikula za kahawia, Baba. Ndizo zilizobaki na majani mwaka ule wa ukame, ng'ombe wa watu wakianguka na wetu wakitafuna.

Wewe ulikuwa unazipanda zote pamoja, bila kuangalia rangi. "Hatujui mvua itakuja na sura gani," ulikuwa unasema. Mimi nilidhani ni uvivu wa kuchambua.

Mwaka huu kwenye baiolojia tumesoma uchavushaji. Nikaenda shambani, nikapasua ua la fiwi kabla halijachanua. Ndani chavua ilikuwa imeshamwagika. Ua linajichavusha lenyewe likiwa limefungwa, na nyuki akija mara nyingi anakuta kazi imekwisha. Ndiyo maana nyeupe inazaa nyeupe, nyeusi inazaa nyeusi, mwaka hadi mwaka. Nyeupe haibebi nyeusi ndani yake. Tukizimaliza kuzila, hazitarudi tena.

Nilikaa na lile ua mkononi. Nilijiona niko humo ndani, nina jibu na sina mlango.

Jumapili tulipotoka kanisani nilimwambia baba mdogo tusizile zote, tupande na nyeusi. Nilisahau nusu ya niliyoyapanga. Alicheka, wala si kwa ukali.

"Shemeji, msikie Profesa wako," akamwambia Mama. Kisha akanigeukia. "Fiwi ni fiwi, mwanangu. Shamba lote ni la nyeupe. Hizo nyeusi kama unazipenda sana, kampandie baba yako."

Majirani wakacheka. Mimi nikaenda kuchukua bakuli la zile nyeusi.

Unajua kwetu kaburi haliguswi na jembe mpaka ibada ya kumaliza msiba, wala hakuna anayeng'oa kinachoota pale. Ibada ni baada ya mavuno. Nimetoboa mashimo kwa kidole, kukuzunguka wewe, nikaweka nyeusi, pamoja na kahawia chache nilizookota jikoni. Baba mdogo alinikuta nimepiga magoti. Lakini neno la kukupandia alikuwa amelisema mwenyewe, mbele za watu. Akageuka, akaondoka.

Hajabadilika, Baba. Gunia la nyeupe bado linanisubiri, na kesho nitachambua tena, na Mama atanyamaza tena. Sijui nitatoka lini hapa.

Unisamehe kwa mizizi. Pumzika. Nitavuna kila rangi kwa mkono wangu, na siku nitakapokuwa na shamba, hata liwe dogo kiasi gani, nitazipanda zote pamoja.

Mwanao,
Nyangeta