Buibui wa Mlango wa Jikoni

Kilungu, Jumatano

Susu mpendwa,

Nitakueleza yote, hata kosa langu. Leo klabu yetu ya sayansi ilichora buibui wa tando za mviringo kwenye michungwa. Kando ya buibui mkubwa nilimwona mdogo wa kahawia, nikamwandika kuwa aina nyingine. Mwalimu akacheka: "Mwende, huyo ni bwana yake!" Sasa wenzangu wananiita shemeji wa buibui.

Lakini nilipomsimulia kuhusu yule wa mlango wako wa jikoni, mwenye mgongo mweupe na miguu ya manjano, hakucheka. Hayumo kitabuni mwake. Ameniruhusu nimwandike mimi mwenyewe nikirudi Kitui.

Najua kila Jumamosi unafagia tando zote kabla ya wageni wa kanisa. Mungu akutunze, Susu. Nijibu upesi: yule buibui bado yupo?

Mjukuu wako, Mwende