Nyota za Mshumaa

Dada Somoe, shikamoo.

Mie mzima, shangazi naye mzima, ila joto la hapa Kibamba ni kama tumefunikwa kwenye sufuria. Usigeuze kadi kwanza. Jirani yetu, Mwalimu Tekla, anafundisha kuchora, na yeye huchora picha za usiku saa nane mchana, jua linawaka! Nikamwuliza nyota atazipata wapi, maana kwenye kiboksi chake cha rangi za maji nyeupe haimo. Akacheka. "Nyota zinatangulia, binti." Akagusagusa karatasi kwa mshumaa, mie sioni kitu. Kisha akapitisha brashi yenye buluu nzito. Dada, rangi ikateleza kila penye nta, nyota zikajitokeza zenyewe!

Nimejaribu mpaka shangazi kaficha mishumaa. "Mafuta ya taa yenyewe ya foleni, wewe mishumaa unailisha karatasi!"

Sasa geuza. Usiseme ni kadi tupu, karani wa posta keshanicheka. Zimua wino wa buluu kwa maji, upake taratibu kwa pamba. Lile doa kubwa pembeni mshumaa uliniponyoka, liache. Siku naondoka ulisema nikifika Dar nitasahau kwetu. Basi tafuta paa la jiko letu, na juu yake nyota za kilimia, kama tulivyokuwa tukizihesabu tukisubiri mama aivishe ugali. Ikipungua hata moja, ulisema kweli.

Mdogo wako akupendaye,
Zuhura