Mganda Ulivyosimamishwa Barabarani

Jumamosi, Mbinga

Wapuuzi wakubwa. Miaka miwili mimi na wenzangu wa mtandaoni tunaandikiana kuusifu mganda, ngoma ya kwetu ziwani, na leo tulipokutana mjini kutazama maandamano ya vikundi vya ngoma, nimegundua kwamba hawaujui kabisa.

Mjomba wangu, kiongozi wa kikundi cha ziwani, alikuwa amekataa kuja. Nikamsomea sifa walizoandika hawa wenzangu, akakubali.

Yeye na wazee wa kikundi chake walipita wamenyooka, kaptula nyeupe, soksi hadi magotini. Karibu na stendi, lori la matangazo ya sabuni likajipenyeza mbele yao na kufungulia muziki. Ngoma haikusikika tena. Wakasimama palepale, maana kwenye mganda hakuna anayeinua mguu bila kusikia ngoma.

"Wazee betri zimekwisha!" akapayuka mtangazaji juu ya lori.

Wenzangu wakacheka. Yule anayejiita Mtetezi wa Ngoma alicheka hadi akashika mbavu! Nikamfokea.

"Punguza jazba, kaka. Utani tu huo."

Lori halikuondoka. Wazee wakageuka, wakatoka barabarani.

Niliwafuata kwenye gari la kurudi ziwani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Wale waliokuwa wanacheka ndio wapenzi wetu wa kwenye kompyuta?"

"Ndio hao."

"Basi waandikie kwamba tumewasikia."

Nitawaandikia, tena kwa ukali. Lakini humu kwenye shajara lazima niseme ukweli: nilimfokea mpenzi mmoja wa ngoma, na lile lori sikulisogelea.