Kengele Imefika, Mlango Uko Wapi?

Rumonge, siku ya soko

Kwa mpwa wangu Asmani, karani wa boma, Usumbura.

Amahoro, mwanangu. Natumaini barua hii inakukuta muzima, kifua hakikusumbui tena, na Wadachi wako wanakuachia nafasi ya kula mchana. Mama yako anakusalimu, goti lake limepoa. Mimi mjomba wako ni muzima kupita kiasi, ila nimekasirika tangu Ijumaa, na hasira yangu wanaijua hata viboko wa Kigwena.

Kengele yako imefika. Mwenye mtumbwi aliipakata kama mutoto mchanga. Umeandika itundikwe mlangoni kwa chuo chetu cha Kurani, watoto wafike mapema. Mlango upi, Asmani? Tulikupa habari kwamba upepo umebeba paa na kuta zimelala chini. Mwalimu Batuli anafundishia kwenye uwanja wa kuanikia ndagala. Mutoto anasoma alifu huku anafukuza paka. Wafike mapema wanyeshewe vizuri?

Wenzako uliosoma nao hapo wamekuja kukijenga upya bila kubembelezwa. Nasoro ameleta matete. Swedi ametoka Nyanza na mtumbwi wa mawese, tukabadilisha kwa misumari. Mimi mwenyewe, niliyeishia nusu ya masomo, nimetoka msitu wa Kigwena na nguzo begani, peke yangu, chui akashuka njiani kunipisha. Nasoro anasema tulikuwa watu wanne. Nasoro haoni vizuri. Wewe tulikuomba mbao za paa tu, kwa kuwa huko iko wapasuaji.

Na lile neno lako la mwisho ndilo limeniwasha: eti mtu akishatoka chuoni ametoka, na elimu yako umeipata shule ya Wadachi. Kwani Wadachi walikupokea kwa uzuri wa masikio yako? Ulifika kwao unajua kutulia, kusikiliza na kushika kalamu. Nani alikushikisha? Na mwaka wa ndui, mama yako alipotengwa kule shambani na watu wakakufungia milango, ulilala wapi? Mimi niliyempiga mamba kofi nilikuwa ng'ambo ya ziwa, sina habari. Batuli alikutandikia mkeka katikati ya watoto wake, akakufundisha kuandika jina la mama yako kwenye ubao ili usilie. Hakuuliza utakuja kumpa nini. Ndiyo maana tunabeba nguzo, bwana karani! Kesho mutoto mwingine atafukuzwa kila mahali, na sisi tunataka apate pa kuingia.

Sasa mvua zimeanza na mbao hakuna. Batuli akasema misahafu ikilowa atafunga chuo, aende kwa binti yake Ujiji. Hapo nikaikumbuka nyumba yako mpya hapa Rumonge, ile inayongoja harusi yako. Kavu, safi, inalaza popo. Ndiyo, Asmani. Chuo kimehamia kwako. Watoto wanasomea sebuleni, na mwalimu amepewa chumba cha bibi harusi.

Sokoni nimesema nilivunja mlango kwa bega moja. Watu wameniheshimu sana, naomba usiniharibie. Ila wewe nikwambie kweli: sikuvunja kitu. Mama yako ndiye aliyekuja na ufunguo. Akafungua, akafagia, akatandika mikeka kwa mkono wake, akasema mwenye kugomba aje agombe naye. Mimi nilibeba mbao za kuandikia tu, tena mama yako alinisaidia.

Batuli anakuulizia kila asubuhi. Yale maneno yako sikumsomea. Nilimwambia umeandika kwamba unakuja, basi usinifanye mwongo kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Njoo na mbao, uchukue nyumba yako.

Nisalimie wote unaokula nao. Nasoro na Swedi wanakusalimu, na mama yako anasema ujifunike usiku. Kengele tumeitundika mlangoni kama ulivyoagiza, mlangoni kwako, na watoto wanafika mapema.

Ni mimi mjomba wako, bado nimekasirika,

Uledi