Goti la Mjomba

Shoga, hebu sikia! Mjomba nusura apasuliwe goti zima!

Fomu yake kwenye kompyuta ya hospitali inasema goti bovu ni la kushoto, la kupasuliwa ni la kulia. Mfumo ukapitisha! Nesi alishaanza kuchora alama goti la kulia, mjomba ndiye kapiga kelele.

Akaitwa fundi wao wa kompyuta, anayeringa na skima yake ya XML, eti ndizo kanuni zinazokagua fomu. Kanitazama juu chini: "Dada, kushoto ni jibu halali. Kulia nako halali."

Halali! Hakuandika kanuni ya kulinganisha visanduku hivyo viwili vya fomu. Mstari mmoja tu! Kauandika pale pale, na bado kavimba kichwa.

Mjomba kamwambia: "Kijana, panda wewe kitandani. Magoti yako yote mawili halali."