Gia Uliyosema Umeitengeneza

Lehrfeld, Dakota Kaskazini
Jumatatu, 16 Septemba 1974

Kaka yangu Verlin,

Pokea salamu zangu na za Baba. Mimi ni mzima wa mwili, nakula vizuri na nalala kidogo, na natumaini huko Wyoming vumbi la mitambo ya mafuta halijakurudishia kile kikohozi cha majira ya kuchipua. Baba alirudi kutoka hospitali ya Bismarck Alhamisi iliyopita. Amekonda hadi mkanda wake umetobolewa tundu jipya, lakini anakula supu ya matonge na kulalamika kwamba siweki chumvi, kwa hiyo najua amepona. Ngano yote imeingia ghalani. Wanakwaya wanakuulizia, wanasema sauti ya chini imebaki yatima tangu uondoke.

Ningependa kuishia hapo na kutia sahihi. Lakini Alhamisi hii kesi ya Odell Pruitt inasikilizwa, na kuna mambo lazima uyajue kabla ya siku hiyo. Nitayaeleza yote kwa mpangilio, hata yale unayoyajua, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa kazini, na kwa sababu nikiruka jambo moja sitakuwa na ujasiri wa kulirudia.

Jumapili ya tarehe 18 Agosti, sikukuu ya mavuno, nilikuwa chini ya kanisa nikikata kuchen, zile keki zetu za Kijerumani, pamoja na akina mama. Baba alikuwa hospitalini. Wewe ulikuwa umeniaga Ijumaa jioni, ukasema rafiki yako atakupitia Jumamosi alfajiri akupeleke kwenye basi. Saa sita mchana gari letu lilishuka barabara ya kanisa, likamgonga Bi Ottilia Schnabel alipokuwa anavuka na sahani yake ya keki, kisha likaingia mtaroni karibu na ghala la nafaka. Dereva alitoweka katika mahindi. Tulipofika tulimkuta Odell, yule kijana wa Oklahoma aliyekuja na kikundi cha wavunaji waliokata ngano yetu, amempakata Bi Ottilia kivulini, shati lake limejaa damu. Alisema alikuwa anatembea kwenda kanisani kula, akasikia kishindo. Nani angemwamini? Alikuwa mgeni, gari lilitoka katika shamba alilokuwa akilala, na ufunguo, kama kila mtu hapa ajuavyo, hushinda ndani ya gari. Kikundi chake kilivuka mpaka kuelekea Kanada bila yeye. Bi Ottilia alivunjika nyonga, na hakumbuki chochote baada ya kushika ile sahani.

Kulikuwa na jambo moja tu lililomsitisha mkuu wa polisi. Alikuja ofisini kwetu mahakamani Jumatatu, akaegemea kaunta yangu, akasema, "Marlys, binti yangu, gari la baba yako Gottlieb haliibiki. Mimi mwenyewe niliwahi kuliazima, likaganda kati ya gia ya kwanza na ya pili mbele ya benki, watu wakanicheka hadi wakachoka. Huyu mtu wa Oklahoma kaliendeshaje maili sita?"

Jioni ile ulipiga simu kutoka Wyoming. Nilikusimulia nikilia. Ukaniambia kwa ile sauti yako ya kunibembeleza kwamba gia uliitengeneza wewe mwezi Mei. Ulisema, "Nilibadilisha bushi zote, vile vipete vya mpira, Marlys. Sasa inaingia laini kama ya gari la mwaka huu. Mtoto anaweza kuliendesha. Waambie hivyo." Nilikuuliza mbona hukuniambia zamani. Ukasema ulitaka iwe mshangao kwa Baba.

Asubuhi yake nikaandika hati ya kiapo. Wewe hujui hati zetu, kwa hiyo nikueleze. Fomu ina mistari miwili ya kuchagua: mmoja unasema nimeyajua haya mwenyewe, mwingine unasema nimeambiwa na fulani. Kila siku nawaonya wakulima kaunta kwamba wasikosee hapo. Kama jambo umeambiwa, andika umeambiwa. Tangu majira ya baridi nilikuwa sijalishika gari lile. Lakini niliona kwamba nikiandika nimeambiwa na kaka yangu, itaonekana kama namshuku kaka yangu. Nikaweka alama kwenye mstari wa kwanza. Nikaandika kwamba mpini wa gia ulitengenezwa mwezi Mei na kwamba mtu yeyote anayejua kuendesha angeweza kulichukua gari. Nikaapa, nikatia sahihi, na muhuri nikaugonga kwa mkono wangu mwenyewe. Kwa karatasi hiyo Odell akafungiwa katika jela ya wilaya, ghorofa moja chini ya meza yangu.

Mimi ndiye niliyempelekea karatasi zake za kusaini. Ni mtu mpole, ana miaka ishirini na moja kama mimi. Aliniuliza jambo ambalo wakati ule nililiona ni ujanja. Alisema, "Samahani, dada, hivi gia ya lile gari iko wapi? Siku ile ya Jumamosi nilichungulia dirishani kwa udadisi tu. Nikatazama sakafuni, sikuona fimbo yoyote. Nikajisemea, watu wa huku wanaendesha kwa maombi." Mlinzi alicheka. Mimi sikucheka. Nilirudi juu na kumwona mwongo hodari.

Tarehe 7 polisi walituambia tuchukue gari. Waliliburuta hadi uani kwao siku ile ya ajali na hakuna aliyeliwasha tangu hapo. Nilikwenda peke yangu, Jumamosi mchana. Nilifurahi, Verlin. Nilitaka nione kazi ya mikono yako. Niliweka gia ya kwanza, nikatoka getini, nikafika kwenye reli, nikasukuma mpini, ule uliochomoza kwenye usukani, juu kwenda ya pili. Ukaganda. Haukwenda mbele wala kurudi nyuma, na nilikuwa katikati ya njia ya treni.

Nilifanya kama ulivyonifundisha nikiwa na miaka kumi na mitatu: nikazima, nikafungua boneti, nikaingiza mkono hadi chini ya bomba la usukani, nikavishika vile vyuma viwili na kuvilinganisha kwa vidole mpaka vikalia tak. Nikapanda tena, na safari hii nikatumia ile mbinu yetu, kusimama katikati, kuukandamiza mpini kwa kidole gumba kama ninafunga kifuniko cha mtungi, ndipo niusukume. Ukaingia. Nilifika nyumbani bado nikikutetea. Nilijiambia labda bushi mpya zilikuwa duni, labda ajali imelegeza kitu.

Baba alikuwa anakaribia kurudi na sikutaka likamgandie njiani akiwa na mshono tumboni. Nikalipeleka kwa Ruben Zacher, fundi wa magari. Alikuwa na kazi nyingi na mgongo unamuuma, akasema atalitengeneza kama mimi nitakuwa mgongo wake. Kwa hiyo nililala chali chini ya usukani na gauni la kazini nikishika kurunzi, naye akinielekeza kwa Kijerumani na matusi. "Shika taa vizuri, karani, mimi si popo!" Nilimwambia apunguze ukali kwa sababu gia hii ilitengenezwa mwezi Mei tu. Akaniambia nisogee, akaingiza kichwa chake mwenyewe, akakaa humo muda mrefu.

Alipotoka aliniuliza, "Nani kakwambia hivyo?"

Nikasema ni Verlin.

Akacheka, si kwa ubaya. "Basi Verlin ana mikono ya malaika, maana hakuacha alama hata moja."

Akanionyesha. Vichwa vya skrubu vilikuwa bado na rangi ya kiwandani, haijachubuliwa na spana. Grisi ilikuwa imekauka kama nta ya mshumaa. Pini inayoushikilia mpini ilikuwa imelika hadi nusu ya unene wake, na katika matundu ambamo bushi zinapaswa kukaa mlikuwa na ukingo mwembamba wa mpira, kama ukucha uliokatwa. Na ule waya wa seng'enge ambao Baba aliuzungusha kupunguza kulegea kwa mpini ulikuwa palepale. Ruben aliukata kwa koleo akanipa mkononi. Akasema, "Hapa hajagusa mtu tangu baba yako afunge hii, na wewe ulikuwa hujazaliwa."

Nilimwomba aendelee na kazi. Nilihitaji kazi yoyote. Tuligonga pini ile ikatoka, tukachomoa mpini, nikasugua vyuma kwa petroli mpaka ngozi ya vidole ikapasuka. Ruben alichonga pini mpya kutoka kwenye bolti, tukaweka bushi alizoagiza Bismarck. Mwisho aliniambia niweke gia huru, akapitisha msumari mrefu katika matundu ya vile vyuma viwili ili visichezecheze, ndipo akakaza nati. Alipouchomoa msumari, mpini ulipanda na kushuka bila sauti. Akasema, "Sasa hata mwizi anaweza kuliendesha." Kisha akanitazama usoni na kujutia alichosema, nikajua naye amefika mahali nilipofika mimi.

Kwa sababu mtu aliyeliendesha gari lile tarehe 18 alilitoa uani, akapandisha kilima cha Weigel, akateremka hadi kanisani, maili sita, akibadilisha gia bila kuganda hata mara moja. Mbinu ile ya kidole gumba tunaijua watatu. Baba alikuwa kitandani Bismarck. Mimi nilikuwa na kisu cha keki mkononi, mbele ya akina mama kumi na wawili.

Nimejaribu juma zima kukutafutia njia ya kutokea. Nimewaza kwamba labda ulipitwa na basi. Labda ulikuwa umekunywa tangu jana yake. Labda jua lilikuwa machoni, na Bi Ottilia huwa hatazami akivuka. Haya yote ningeyaelewa. Ningekuja kusimama nawe mahakamani na kukushika mkono mbele ya mji mzima, kama ulivyonishika wewe siku ya maziko ya Mama. Nisichokielewa ni ile simu. Ulikuwa na siku nzima ya kufikiri. Ulijua mimi ni karani wa mahakama, ulijua kwamba Lehrfeld yote huliamini neno langu kwa sababu naogopa kusema uongo. Ukakichukua hicho kitu changu kimoja ukakitumia. Mtu aliyemwokota Bi Ottilia ulipomwacha chini, mimi ndiye niliyemfungia, na uliniacha niamini kwamba nafanya haki. Juma lililofuata ukaniandikia kadi yenye picha ya swala.

Sasa nikwambie nililolifanya. Sikungoja jibu lako. Naogopa kwamba kama ningengoja ungepiga simu, na ungetumia sauti ile, na mimi ningekubali tena.

Leo saa tatu asubuhi niligonga mlango wa Hakimu na kumwomba nibatilishe kiapo changu. Nilimweleza kwamba niliapa kulijua jambo nililoambiwa tu. Akasema, "Marlys, unaelewa hili linaweza kukugharimu nini?" Nikasema ndiyo, mimi ndiye ninayewasomea watu kifungu hicho. Ruben alikuwa ameshafika naye, na bushi zilizokwisha ndani ya kopo la kahawa. Hakimu amesema bila karatasi yangu haoni cha kumshikia Odell, na kwamba Alhamisi atatamka hivyo hadharani. Nimekabidhi muhuri na funguo. Kama nitashtakiwa mimi, nitalijua siku hiyohiyo.

Kisha akaniuliza ni nani wanaoweza kuliendesha gari lile kabla halijatengenezwa. Nilitamani sana asiulize. Nilimtajia majina matatu, na kando ya mawili nikaeleza wenyewe walikuwa wapi. Kando ya lako nikasema sijui, kwa sababu sikukuona, na safari hii nilisoma fomu mara mbili kabla ya kutia sahihi. Barua ya mahakama itakufika siku moja au mbili baada ya hii yangu. Bado una muda wa kuja mwenyewe kabla hujaitwa.

Limebaki jambo moja. Juzi Baba aliomba ufunguo. Nilimkataza, akanisukuma kando, akalizungusha gari uani mara tatu, gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, na rivasi hadi karibu na banda la kuku. Alishuka na machozi machoni. Alisema nyinyi watoto mlimficha, lakini mkuu wa polisi alimdokezea kwamba Verlin ndiye aliyelitengeneza mwezi Mei. Tangu hapo kila mgeni anayekuja kumjulia hali anapelekwa nje akaushike mpini ule, na anaambiwa, "Kazi ya mwanangu hiyo." Sijamwambia kitu. Vidole vyangu bado vina nyufa za petroli na mezani navificha chini ya kitambaa. Hilo njoo umwambie wewe.

Bi Ottilia ameanza kusimama kwa magongo. Baba anakusalimu sana. Nami nakusalimu, kaka yangu, na nakutakia safari ya usalama kama utaamua kuja.

Mdogo wako,
Marlys